Kiporo cha Bata Mzinga: Maswali Kabla Hujabandika Sufuria

Alhamisi ya nne ya Novemba, Wamarekani husherehekea Sikukuu ya Shukrani, na wengi wetu tunaoishi huku tumeshazoea kuoka bata mzinga. Ndege ni mkubwa, hamalizwi kwa mlo mmoja. Kiporo chake hutoa mchuzi mzito mtamu sana, ila kuna mambo ya kuangalia kwanza.

Nyama imekaa mezani tangu saa nane mchana hadi wageni walipoondoka usiku. Si nitaichemsha vizuri kesho?

Itupe. Najua inauma, maana chakula ni pesa na ni jasho la mtu. Lakini nyama iliyopikwa isikae nje zaidi ya muda wa saa 2. Yupo bakteria aitwaye Clostridium perfringens, ambaye hujihifadhi katika vijimbegu vigumu visivyokufa kwa moto wa kawaida wa jikoni. Nyama ikipoa taratibu, vijimbegu huamka na bakteria huzaana upesi. Milipuko ya ugonjwa huu Marekani huonekana zaidi Novemba na Desemba. Baada ya saa 6 hadi 24 tumbo linanyonga na mtu anaharisha. Bakteria wengine, kama stafilokoka, huacha sumu ambayo hata kuchemsha hakuiondoi. Wala usitegemee pua: nyama inaweza kunukia vizuri na bado ikakuangusha.

Nyumbani tulifundishwa kuchemsha mboga kabla ya kulala, ikabaki jikoni hadi asubuhi ili isichache. Kosa liko wapi?

Mama zetu hawakuwa na friji, wakafanya lililowezekana. Tatizo ni kwamba sufuria kubwa iliyojaa hubaki vuguvugu katikati kwa saa nyingi, na hilo ndilo joto wanalolipenda bakteria. Kama friji unayo, gawa chakula katika vyombo vifupi na vipana, ukiingize ndani ya saa hizo 2, hata kama bado kina uvuguvugu. Friji iwe nyuzi 4 za Selsiasi au chini ya hapo.

Mchuzi wenyewe niupikeje?

Usiku uleule ng'oa minofu yote kwenye mifupa, uondoe ngozi, maana mafuta mengi yako huko. Kesho yake chemsha mifupa na kitunguu, karoti na tangawizi, kwa moto mdogo, kama saa 2. Chuja supu, ipoze upesi, iweke kwenye friji. Mafuta yakiganda juu, yaengue. Kisha kaanga kitunguu na kitunguu saumu, tia nyanya na binzari, mimina supu, ongeza viazi na maharage yaliyokwisha kuiva. Nyama iingie mwisho, kwa sababu imeshaiva na ikichemka sana inakuwa nyuzi kavu. Mchuzi utokote kabisa. Nyama ifike joto la nyuzi 74 za Selsiasi hadi ndani. Sukuma wiki iliyokatwa nyembamba inapendeza hapo.

Chumvi usiitie kabla ya kuonja. Bata mzinga wengi wa dukani wamedungwa au wamelowekwa maji ya chumvi, na vidonge vya supu vinaongeza nyingine. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai. Mwenye presha azingatie hili zaidi ya yote.

Utakaa siku ngapi?

Siku 3 hadi 4 kwenye friji, ukihesabu tangu ndege alipookwa. Unaobaki ugandishe mapema. Pasha kiasi cha kula tu, siyo sufuria nzima kila siku. Ukitumia maikrowevu, koroga katikati, maana hupasha upande mmoja na kuacha mwingine baridi.

Nikiharisha, niende hospitali lini?

Wengi hupona kwa siku moja wakinywa maji na chumvichumvi za ORS. Nenda mara moja ukiona damu kwenye choo, homa kali, kutapika kusikoruhusu hata maji kukaa tumboni, mkojo kupungua sana, au kuharisha kunakozidi siku 3. Mtoto mdogo, mjamzito na mzee wasisubiri kufika huko.