Mkuu wa uwekezaji wa majumba siyo broka wa ploti, jamani

Vijana wengi hapa Nairobi wakisikia mtu ni mkuu wa uwekezaji kwa kampuni ya majumba wanaona gari kubwa na ploti za Kitengela, alafu wanaingia hiyo laini wakitafuta kitu hakipo. Haya ndiyo mambo huwa wanasema.

"Kazi yenyewe ni kuuza." Hapana. Broka anakula komisheni dili ikifungwa, na kisheria ajenti anafaa kuwa amesajiliwa, sheria yao ni ya 1984. Mkuu wa uwekezaji anashika pesa za watu, mara nyingi pensheni za walimu na wafanyakazi wa kawaida, anaamua ziingie jengo gani na zitatoka vipi. Dili nyingi zinazofika mezani kwake anazikataa, na hiyo ndiyo kazi.

"Nyumba haina hasara." Hii ndiyo inaumiza watu kabisa. Chukua apatimenti ya milioni 12 pale Kilimani, mpangaji analipa 60,000 kwa mwezi. Mwaka mzima ni 720,000, unaona 6% unafurahi. Sasa ikae tupu mwezi mmoja tu, unabaki na 660,000, toa ushuru wa kodi ya nyumba wa 7.5% ambao ni 49,500, toa ada ya jengo tuseme 8,000 kila mwezi, hapo umebaki na 514,500, yaani kama 4.3%, na bado hujapaka rangi wala kuita fundi wa mabomba! Februari 2024 serikali iliuza bondi ya miundombinu yenye riba ya zaidi ya 18%, haikatwi ushuru. Ni kweli bei ya nyumba inaweza kupanda, lakini lazima uonyeshe itapanda kwa nini, siyo kusema tu ardhi haiongezeki.

"Jenga mahali pazuri, wapangaji watakuja." Waulize wenye mall waliokuwa na supamaketi ya Nakumatt kama mpangaji mkuu. Supamaketi ilipoanguka, maduka madogo yaliyokuwa yakitegemea wateja wake yalitetemeka pia. Kwa hivyo kabla ya kusifu marumaru, soma mkataba wa mpangaji na uangalie kama biashara yake inapumua.

"REIT ni nyumba kwa jina lingine." REIT ni mfuko unaokusanya pesa za watu na kumiliki majengo, wewe unanunua kipande cha mfuko, siyo nyumba. Moja yao, Fahari, iliingia soko la hisa 2015 kwa shilingi 20, bei ikashuka sana chini ya hapo, na 2024 ikatolewa kwa soko kuu. Majengo hayakuanguka, bei ndiyo ilianguka. Acorn nao walichukua njia ya hosteli za wanafunzi, Qwetu na Qejani, na REIT zao zikaanza 2021. Mtu wa hii kazi anafaa aweze kukueleza tofauti ya hizo mbili bila kusoma brosha.

"Lazima utoke familia ya mashamba." Wengi huanza kama wachambuzi wadogo au wathamini, wamesoma real estate pale Chuo Kikuu cha Nairobi, au fedha, au sheria. Kama uko chuo saa hii tafuta atachimenti kwa mthamini, mfuate hadi saiti, panda mpaka paa uone tangi la maji, ongea na keateka ujue nani amechelewesha kodi, alafu rudi ofisini ufanye sachi ya hati miliki, yaani uangalie kwa rejista ya ardhi nani ndiye mwenyewe, na uifanye wewe mwenyewe.