Opereta za hesabu na opereta za ulinganishi katika fomula za Excel

Ukiandika =C2+5 kwenye Excel (C2 ni seli, yaani kisanduku, iliyo safuwima C, mstari wa 2), programu inakurudishia namba. Ukiandika =C2>5, inakurudishia neno moja kati ya mawili: TRUE, yaani ni kweli, au FALSE, yaani si kweli. Tofauti ya opereta za hesabu na za ulinganishi, yaani alama zinazoiambia Excel ifanye nini na vilivyomo, iko hapo. Opereta ya hesabu hukokotoa: + hujumlisha, - hutoa, * huzidisha, / hugawanya, ^ huweka kipeo na % hufanya asilimia. Opereta ya ulinganishi, ambayo wengine huiita ya uhusiano, huweka vitu viwili mbele yake na kutoa hukumu. Ziko sita: = (sawa na), <> (si sawa na), > (kubwa kuliko), < (ndogo kuliko), >= (kubwa kuliko au sawa na) na <= (ndogo kuliko au sawa na). Katika hizi mbili za mwisho alama ya usawa huja nyuma; ukiandika => Excel haiikubali fomula kama ilivyo.

Alama ya = ina kazi mbili, na wanaoanza huchanganyikiwa hapo. Ikiwa mwanzoni kabisa mwa seli, inaiambia programu kwamba kinachofuata ni fomula. Ikiwa katikati, inauliza. Kwa hiyo =C2=D2 haihamishi kitu kutoka seli moja kwenda nyingine; inauliza kama vilivyomo vinalingana, basi. Katika swali hilo herufi kubwa na ndogo huhesabiwa kuwa sawa: "asha" na "ASHA" zitatoa TRUE.

Tuchukue karatasi ya maksi ya shule ya sekondari, maana humo aina hizi mbili hukutana kila muhula, na kosa likitokea anayeumia ni mwanafunzi. Katika mtihani wa Kidato cha Nne Tanzania, A huanzia 75, B 65, C 45, D 30, na chini ya 30 ni F.

Kwanza wastani. Mwanafunzi ana 44 katika jaribio na 60 katika mtihani. Mwalimu akiandika =C2+D2/2 atapata 74, kwa sababu kugawanya hutangulia kujumlisha: 60 inagawanywa kwa 2, ndipo 44 inaongezwa. Wastani wa kweli ni 52, na fomula yake ni =(C2+D2)/2. Huyo wa daraja C angeondoka na B. Ulinganishi wenyewe husubiri hadi hesabu zote ziishe, ndiyo maana =C2+D2>=90 haihitaji mabano: Excel hujumlisha kwanza, kisha ndipo inauliza kama jumla imefika 90.

Sasa madaraja. Mtu anayetaka kujua kama maksi zilizo C2 ziko kati ya 45 na 64 huandika, kama alivyozoea kwenye daftari la hisabati, =45<=C2<=64. Excel haitalalamika. Itajibu FALSE kwa kila mwanafunzi, hata mwenye 50. Inasoma kutoka kushoto: inauliza kwanza kama 45<=C2, inapata TRUE au FALSE, kisha inalichukua jibu hilo na kulilinganisha na 64. Katika mpangilio wa Excel, TRUE na FALSE zote mbili huhesabiwa kuwa kubwa kuliko namba yoyote, kwa hiyo jibu la mwisho haliwezi kuwa TRUE kamwe. Maswali mawili yaandikwe kama mawili ndani ya AND, inayotoa TRUE pale tu yote mawili yakiwa kweli: =AND(C2>=45,C2<65). Nimeweka <65 badala ya <=64 makusudi, ili mwenye 64.5 asidondoke katikati.

Au anzia juu na kushuka kwa IF, inayouliza swali: likiwa TRUE inatoa jibu la kwanza, likiwa FALSE inakwenda kwa la pili:

=IF(C2>=75,"A",IF(C2>=65,"B",IF(C2>=45,"C",IF(C2>=30,"D","F"))))

Hapa utaratibu ndio unaofanya kazi. Anayefika swali la 45 tayari ameshindwa swali la 65, hivyo hakuna haja ya kutaja mpaka wa juu. Ukianza na 30, kila mwenye 30 na kuendelea atapewa D, hata aliyepata 98.

Lakini fomula hiyo ina hatari ninayoiona kubwa kuliko zote. Mwanafunzi hakufanya mtihani, mwalimu akaandika X kwenye seli yake. Fomula inampa A. Ndiyo, A. Excel inapolinganisha maandishi na namba, maandishi huwa makubwa daima, kwa hiyo X>=75 ni TRUE. Opereta ya hesabu ingepiga kelele: X+5 hutoa #VALUE!, na mtu angeona mara moja kwamba kuna kasoro. Ya ulinganishi haipigi kelele, inahukumu tu.

Hali ni mbaya zaidi maksi zinapoingia kama maandishi, jambo linalotokea sana zikinakiliwa kutoka faili au mfumo mwingine. Seli inaonyesha 12, lakini ndani ni maandishi. Ukijaribu =C2+5 unapata 17, kwani opereta ya hesabu huyageuza maandishi hayo kuwa namba kimyakimya. Unaridhika kwamba data ni safi. Fomula ya madaraja haigeuzi kitu, na mwenye 12 anapata A. Kwa hiyo jaribio la kujumlisha halithibitishi chochote hapa. Tumia =ISNUMBER(C2), inayouliza kama kilichomo ni namba kweli, au ifunge fomula yote ndani ya IF(ISNUMBER(C2), ... ,"Kagua"). Seli tupu nayo husomwa kama 0 katika ulinganishi, hivyo bila kinga hiyo asiyekuwepo atapata F.

Limebaki suala la desimali. Mwanafunzi mwenye 44, 43 na 47 ana wastani wa 44.67. Seli ikipangwa isionyeshe desimali, kwenye skrini itasomeka 45, na pembeni yake daraja D. Mzazi atauliza, na ana haki ya kuuliza. Ulinganishi hutazama thamani iliyomo ndani ya seli, si sura inayoonekana. Kama shule imeamua kwamba wastani unakadiriwa hadi namba nzima, hesabu ifanyike kabla ya swali (hapa wastani uko seli F2): =ROUND(F2,0)>=45, na jibu litakuwa TRUE. Kama haikadirii, basi acha desimali zionekane kwenye karatasi, ili 44.67 isomeke 44.67.