Ushuru wa bandari hauendi kwa gavana

Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, kuna jambo linalorudiwa Mombasa, kuanzia Likoni hadi Kisauni: kaunti yetu ni tajiri kwa sababu ina bandari, kwa hivyo takataka zikirundikana, basi pesa za Kilindini zimeliwa.

Hasira ya mwananchi naielewa, na gavana yeyote lazima aulizwe maswali. Lakini ushuru wa forodha unaotozwa Kilindini haupiti mikononi mwake. Kifungu cha 209 cha Katiba ya 2010 kimeiachia serikali kuu ushuru wa forodha, kodi ya mapato na VAT. Kaunti hutoza kodi ya ardhi na majengo, kodi ya burudani na ada za huduma, kama vile maegesho na leseni za biashara.

Fedha nyingine hutoka Nairobi, na hapo ndipo penye mvutano. Katiba inataka kaunti zote 47 zigawiwe angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, lakini hesabu hiyo hufanywa kwa mapato ya mwaka wa karibuni ambao ukaguzi wake umeidhinishwa na Bunge la Taifa, si ya mwaka huu. Kisha Seneti huamua kila kaunti ipate kiasi gani. Mwaka 2020 maseneta walikwama kwa miezi kadhaa, kwa sababu fomula iliyopendekezwa ingeipunguzia Mombasa fedha, pamoja na kaunti nyingi za Pwani na kaskazini. Walipatana Septemba.