Sindano ya kabla ya CT scan si mionzi

Huku Moshi na Arusha wengi huamini kwamba dawa inayochomwa mshipani kabla ya CT scan au MRI (vipimo vya picha za ndani ya mwili) ni mionzi, na kwamba huamsha uvimbe uliotulia. Hofu hiyo inaeleweka: mgonjwa husikia joto la ghafla mwili mzima, na pengine hakuna aliyemwandaa.

Kazi ya dawa hiyo ni kufanya sehemu za ndani ya mwili zionekane vizuri kwenye picha tu. Ya CT huwa na madini joto, ya MRI mara nyingi madini ya gadolini. Zote mbili hazina mionzi. Mionzi ya CT hutoka kwenye mashine, na MRI hutumia sumaku. (PET, kipimo kingine cha picha, ni tofauti: dawa yake ina mionzi kweli.) Figo zikiwa nzima, sehemu kubwa hutoka kwa mkojo ndani ya saa 24.

Watafiti wanajaribu pia chembe ndogo mno za protini, kama feritini (protini inayohifadhi madini ya chuma mwilini), ambayo ganda lake lina upana wa nanomita 12 hivi na hupakiwa madini ndani. Mishipa ya damu ya uvimbe mara nyingi huvuja, hivyo chembe hizo zinaweza kujikusanya humo na kuuonyesha vizuri zaidi. Nyingi bado ziko maabara.

Omba kuonyeshwa kichupa, usome jina la dawa na uangalie kama kina alama ya mionzi. Ukiwa na mzio, pumu au tatizo la figo, sema kabla ya sindano. Hapo ndipo penye tahadhari ya kweli.