Filamu huru ya fantasia ni nini?

Filamu huru ya fantasia ni filamu yenye mambo yasiyotokea katika maisha ya kawaida, kama mizimu, majini, roho kuibwa au wafu kuongea, iliyotengenezwa nje ya studio kubwa na watu wenye kauli ya mwisho juu ya kazi yao. Mara nyingi bajeti yake ni ndogo.

Tuanze na neno "huru", maana hapo ndipo watu huchanganyikiwa. Huru si kusema mtengenezaji hakusaidiwa na mtu. Fedha inaweza kutoka mfuko wa sanaa, kituo cha utamaduni, michango ya mashabiki, au akiba ya mwongozaji mwenyewe. Kinachotazamwa ni nani anaamua kipande hiki kibaki na kile kikatwe, na mwisho wa hadithi uweje. Akiwa ni mwenye studio, filamu si huru hata ikiwa imegharimu kidogo.

Fantasia, kwa upande wake, tumeizoea tangu utotoni hata kama jina lenyewe ni la kuja. Aliyewahi kuitikia "Pakawa!" anajua kwamba sungura akianza kusema hakuna anayeuliza kasema vipi. Msimulizi anaweka sharti: katika nchi hii wanyama wanasema, au ukivuka mto huu usigeuke nyuma. Ukishalikubali sharti, unafuata. Kwa maoni yangu fantasia yote inakaa hapo, kwenye sharti, na sharti halinunuliwi. Hili ndilo jambo ambalo watengenezaji wachanga wengi hulikosa. Wanahangaika kutafuta joka la kompyuta wakati hadithi yao bado haijaamua joka lina kazi gani.

Chukua Soul Boy, filamu ya Kenya ya mwaka 2010 iliyoongozwa na Hawa Essuman na kuandikwa na Billy Kahora. Ina dakika 60 tu, ilipigwa Kibera, Nairobi, na humo Kiswahili kinasikika kama kinavyosemwa mtaani. Kijana Abila anamkuta baba yake hana hali. Roho yake imechukuliwa na mzimu aitwaye Nyawawa, na Abila anapewa kazi saba za kutimiza ili kuirudisha. Huo ni muundo wa ngano kabisa: kijana, mzimu na kazi saba. Lakini safari anaifanya kwa miguu, kwenye vichochoro vilevile vya kila siku, kati ya mabati na reli. Hakuna ufalme uliojengwa, na mtazamaji haukosi, kwa sababu macho yake yameshaanza kuitazama Kibera kama mahali penye siri.

Filamu ya Kati Kati ya Mbithi Masya, iliyotoka 2016, ilikwenda mbali zaidi kwa vitu vichache zaidi. Mwanamke aitwaye Kaleche anazinduka nyikani akiwa na gauni la hospitali, hakumbuki hata ametoka wapi. Anatembea mpaka kwenye loji moja, anapokelewa na watu, na wanamwambia kwamba amekufa, kama wao. Angalia gharama ya ajabu hiyo: gauni moja, nyasi, na sentensi moja ya kutamkwa. Ahera imekuwa loji ya watalii, yenye vyumba, viti na meza ya chakula, ila wakazi wake hawawezi kuondoka. Masya aliandika mswada pamoja na Mugambi Nthiga, na filamu ilipata tuzo ya wahakiki wa kimataifa kwenye tamasha la Toronto mwaka huohuo.

Uhaba wa fedha nao huzaa picha ambayo fedha isingeizaa. Wachekeshaji wa Uingereza waliotengeneza Monty Python and the Holy Grail, iliyotoka 1975 kwa fedha za wanamuziki wa Pink Floyd na Led Zeppelin miongoni mwa wengine, hawakumudu farasi. Basi mfalme wao anaruka-ruka barabarani huku mtumishi nyuma yake akigonganisha vifuu viwili vya nazi kutoa mlio wa kwato. Waliponyimwa ruhusa ya kutumia ngome kadhaa za Uskoti, ngome moja ya Doune ilibeba nafasi ya nyingine, kwa kupigwa kutoka pembe tofauti.

Mbinu nyingine ni ya zamani kuliko hiyo. Mwaka 1896, karibu na Paris, Mfaransa Georges Méliès alimfanya mwanamke atoweke kwenye kiti mbele ya kamera. Ndiyo mbinu inayotumika mpaka leo jini anapopotea kwenye filamu zetu. Kamera inafungwa kwenye stendi isitikisike. Jini anasimama, kamera inazimwa, jini anaondoka, wengine wanabaki wameganda vilevile, kamera inawashwa. Kosa huonekana kwenye vitu vidogo: mkono uliosogea, pazia lililopeperushwa, kivuli cha mwembe kilichoruka kwa sababu jua halikusubiri. Kwa hiyo wazoefu huitumia ndani ya nyumba, au huharakisha.

Watengenezaji wenyewe hushika kazi zaidi ya moja. Kwenye Neptune Frost ya 2021, iliyopigwa Rwanda, Anisia Uzeyman aliongoza pamoja na Saul Williams na papo hapo akawa mpigapicha mkuu. Williams aliandika hadithi na kutunga muziki. Mavazi yalibuniwa na Cedric Mizero kwa nyaya na vipande vya kompyuta chakavu, na yanaifaa hadithi hiyo, kwa kuwa inahusu wachimbaji wa koltani, madini yanayoingia ndani ya kompyuta hizohizo.

Ila ukiniuliza chombo chenye thamani kubwa kwa mwenye fedha kidogo, nitasema sauti. Nyawawa, kabla hajapewa mwili kwenye filamu, kwa Wajaluo ni mzimu wa kusikika zaidi kuliko kuonekana: unapita usiku kama upepo wenye sauti za watu, na wenyeji wa kando ya Ziwa Victoria hugonga masufuria na mabati ili upite uende zake. Mwongozaji anayeanza anahitaji chumba chenye giza, uso wa mtu anayesikiliza, na masufuria ya jirani yanayoanza kulia mbali, kisha karibu, kisha nyumba inayofuata.