Kujiamini sana hakukupi maksi za bure

Kuna hii imani ya siku nyingi, eti mtihani wa kuchagua jibu ukisahihishwa kwa kuangalia pia mtu ana uhakika kiasi gani, basi wenye majigambo ndo wanafaidi na wale waoga wanaumia. Jamani si kweli, na hesabu yenyewe haihitaji kalkuleta.

Chukua mfumo wa Tony Gardner-Medwin wa University College London. Kila swali unachagua jibu halafu unasema uhakika wako ni 1, 2 au 3, ukipata unapewa maksi hizohizo 1, 2 au 3, ila ukikosa kwa 1 hupotezi kitu, kwa 2 unakatwa 2, kwa 3 unakatwa 6. Sita nzima!

Sasa mtu anabahatisha maswali 10, anapata 5, na kote kajaza 3 kwa mbwembwe. Kavuna 15, kakatwa 30, yuko chini ya sifuri kwa 15. Mwenzake naye hajui, kapata 5 vilevile, lakini kakubali hajui, kajaza 1 kote, anaondoka na 5. Kujaza 3 kunalipa kuliko kujaza 1 au 2 pale tu nafasi yako ya kupata inapozidi asilimia 80.

Ila muoga kweli, anayejua vizuri na bado anajaza 1, anapoteza maksi, hilo sikatai, na ndo maana wanafunzi wapewe mazoezi ya huu mfumo kabla ya mtihani wenyewe, sio wakutane nao siku hiyohiyo.