Kula kwa umakini sio daieti, tuache kudanganyana

Watu wengi wakisikia kula kwa umakini, yaani kula huku akili yako iko kwenye chakula chenyewe, wanadhani moja kwa moja ni daieti ileile imebadilishwa jina, eti ukila taratibu utapungua. Hapana. Hapa hamna chakula kilichokatazwa, hamna kuhesabu kalori, na uzito sio lengo, kuna wanaopungua na kuna wasiopungua kabisa. Kinachotafutwa ni kujua kama una njaa kweli au umechoka tu, na kama ladha unaisikia au unameza tu huku macho yako kwenye simu.

Dhana inayoniuma zaidi ni ile ya kwamba anayeshindwa kujizuia ni mlafi, hana nidhamu. Jamani tusiwaonee watu hivo. Mwaka 1944 kule Marekani, Chuo Kikuu cha Minnesota, mtafiti Ancel Keys na wenzake walianza jaribio na wanaume 36 wenye afya zao, wamejitolea wenyewe, wakaja kuwapunguzia chakula kwa karibu miezi 6 hadi kama kalori 1,600 kwa siku, na ukiangalia kuna daieti za leo zinampa mtu chini ya hapo. Sasa angalia kilichotokea: watu wazima na akili zao wakawa mawazo yote kwenye chakula, wanasoma vitabu vya mapishi, wanalamba sahani, hasira na huzuni, mambo mengine waliyokuwa wanayapenda hawana hamu nayo tena, na walivyoruhusiwa kula kuna waliokula sana mpaka tumbo limejaa na bado wanasema njaa ipo palepale. Hao hawakukosa nidhamu, yaani mwili ukinyimwa unadai. Kwahiyo ukimuona mtu kajibana wiki nzima alafu usiku kavamia jikoni, usianze kumsema tabia yake, muulize kwanza mchana alikula nini.

Na hii ya kugawa vyakula, hiki kizuri kile kibaya? Virutubisho vinatofautiana kweli, sikatai, ila ukishaita chakula dhambi basi ukionja kidogo tu unajiona umeshaharibu siku, na hapo ndio unakula chote. Watafiti wawili, Herman na Mack, walilionyesha hili mwaka 1975: watu wenye kujibana, yaani wanaojizuia kula ili wasinenepe, wakishakunywa kinywaji kitamu cha maziwa, walikula aiskrimu nyingi kuliko wenzao wenye kujibana ambao hawakunywa kitu, wakati wasiojibana wao walikula kidogo kwa sababu walishashiba.

Eti lazima utafune mara 32, hamna namba ya hivo. Kula taratibu kunasaidia kwa sababu taarifa za shibe kutoka tumboni na kwenye utumbo zinachukua kama dakika 20 hivi kukolea kwenye ubongo, basi.

Wengine wameona lile zoezi la zabibu kavu moja, unaiangalia, unainusa, unaitafuna polepole, ambalo profesa mmoja wa Marekani, Jon Kabat-Zinn, alilitumia kwenye programu yake ya kupunguza stresi aliyoianzisha 1979, wakadhani kila mlo unatakiwa uwe hivo. Nani ana muda huo, tena na watoto mezani? Lile ni zoezi tu. Anza na tonge tatu za mwanzo bila simu, inatosha kabisa.

Kula kwa sababu ya huzuni nako kunaogopwa kupita kiasi. Kila binadamu anajiliwaza na chakula mara mojamoja, shida inakuja pale ambapo hiyo ndio njia pekee uliyonayo.

Ila sio kweli kwamba kila mtu aambiwe tu "sikiliza mwili wako". Mgonjwa wa kisukari anayechoma insulini hawezi kukaa anasubiri njaa imwite, anafuata mpangilio aliopewa na daktari. Na anayejinyima mpaka amedhoofika, au anakula kwa siri alafu anajitapisha, ishara zake za njaa na shibe mara nyingi zimeshavurugika, huyo anahitaji daktari na mtaalamu wa afya ya akili mapema, na anahitaji watu wa nyumbani waache kuongelea mwili wake mezani.